Kuwatuza wanamichezo wa kijijini bila kununiana: mwongozo kutoka Muheza

Kila ligi ya kata inapokwisha, simu yangu huanza kuita. Leo katibu wa timu kutoka Pangani, kesho mwalimu wa michezo kutoka Mkinga, na swali ni lile lile: "Kaka, tunataka kuwapongeza vijana wetu, tuanzie wapi?" Nikiuliza wamefikia wapi, wote huwa wameshaulizia bei ya kombe. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nayaandika hapa yote.

Kombe ni jambo la mwisho. Mwaka wetu wa kwanza sisi tulianza nalo. Tulinunua ngao inayong'aa, tukamwita mzee mmoja mbele ya kijiji kizima, MC akasoma: "Golikipa wetu mahiri wa zamani!" Mzee yule maisha yake yote alikuwa beki namba tano. Akapokea, akatabasamu kwa adabu, akaenda zake. Ngao ile mpaka leo inazuia mlango wa banda lake la kuku usipigwe na upepo. Tangu siku hiyo nguvu zetu nyingi tunazipeleka kwenye kujua nani alifanya nini, lini, na jina lake linatamkwaje. Ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Uwe na haya kabla hujaanza

- Kamati ya watu watano, si kumi na watano: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mama au dada aliyecheza au kufundisha netiboli mwenyewe, na mzee mmoja mwenye kumbukumbu. Viongozi wa klabu wasiingie, maana kila mmoja atavutia kamba kwake.
- Kaunta buku moja nene. Makaratasi hupotea, na simu huharibika.
- Simu inayopiga picha safi na kurekodi sauti.
- Miezi mitatu. Ukiwa na wiki tatu, fanya bonanza la kawaida na tuzo uziache mpaka mwakani.
- Barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa afisa michezo wa wilaya. Mtendaji ndiye atakayekwambia kama kuna barua nyingine ya kupeleka kituo cha polisi kwa ajili ya mkusanyiko na muziki. Usisubiri wiki ya mwisho.

Pesa sijaitaja kwa makusudi. Tutaifikia.

Hatua kwa hatua

1. Panga tarehe kwa kalenda tatu.
Ya kwanza ni ya mvua: epuka masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ya pili ni ya mwezi mwandamo: Ramadhani haifai, na siku za Maulidi kijiji kina shughuli zake. Ya tatu ni ya shule, kwa sababu wakati wa UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, walimu wa michezo na watoto wenyewe hawapo. Kwetu siku nzuri huangukia kati ya Julai na Septemba. Kama ni mwaka wa uchaguzi, kaa mbali kabisa na miezi ya kampeni. Vinginevyo sherehe mtaandaa nyinyi, na hotuba atatoa mwingine.

2. Amueni mafungu ya tuzo kabla jina lolote halijatajwa.
Hapa ndipo kamati nyingi zinapotumbukia. Mtu akishasema "mimi namwona fulani", kinachofuata ni kumtafutia fulani fungu la kumtosha. Andikeni mafungu kwanza, mfunge daftari, mrudi wiki inayofuata na majina.

Sisi tunatumia sita: mchezaji wa soka, mchezaji wa netiboli, chipukizi, kocha, timu ya mwaka, na mkongwe. La saba huwa la mtu asiyevaa jezi: anayezifua, anayekata nyasi uwanjani, refa wa kijiji anayetukanwa kila Jumapili na Jumapili inayofuata anakuja tena na filimbi yake. Kama kwenu ni pwani, ongezeni la ngalawa. Kama kuna baraza la bao linaloheshimika, bao nalo ni mchezo. Msizidi kumi, maana watu wakishachoka hawapigi makofi, na yule wa kumi na mbili atapokea zawadi yake mbele ya viti vitupu.

*Kosa la kawaida:* kutuza washindi peke yao. Vijana wakikubishia, waulize mshindi wa marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alikuwa nani. Ni Mamo Wolde wa Ethiopia, ila kijijini kwetu sijaona anayemkumbuka. Kisha waulize nani alimaliza wa mwisho siku ile, goti limefungwa bandeji, giza limeshaingia. John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, wanamjua wote.

3. Kusanya historia, nyumba kwa nyumba.
Gawaneni vitongoji. Kila mjumbe apite na daftari, na akipewa ruhusa arekodi sauti. Usiende na fomu. Mzee ukimpa fomu atakujibu kama anahojiwa na mtu wa sensa. Nenda alasiri, kaa kwenye mkeka, salimia kwa utaratibu, subiri kahawa. Mazungumzo huanza hivi:

"Shikamoo babu."
"Marahaba mjukuu wangu. Wewe wa nani?"

Hapo jieleze mpaka ajue wewe ni wa ukoo gani, na huenda akakwambia baba yako naye alikuwa winga asiyejua kukaba. Vumilia. Ukishajulikana, uliza mambo manne tu: ulicheza timu gani, namba ngapi, mlicheza na nani, na nani mwingine bado yupo wa kuulizwa. Hilo la nne ndilo lenye thamani zaidi, kwa sababu ndilo linalokupeleka nyumba ya pili.

Miaka ndiyo itakayokusumbua. Wazee wetu hawasemi "mwaka 1979", wanasema "ule mwaka wa vita". Usiwalazimishe tarehe, wape mahali pa kuegemea:

- Vita ya Kagera: 1978 na 1979.
- Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya soka, kwenda fainali za Afrika Nigeria: 1980.
- Coastal Union ya Tanga kuwa bingwa wa Tanzania Bara: 1988.
- Kuzama kwa MV Bukoba: Mei 1996.
- Mvua za El Nino: mwishoni mwa 1997 kuingia 1998.
- Kifo cha Mwalimu Nyerere: Oktoba 1999.
- Taifa Stars kurudi fainali za Afrika, Misri: 2019.

Uliza tu, "Ilikuwa kabla Coastal hawajachukua ubingwa, au baada?" Mzee wa Wagosi wa Kaya, yaani shabiki wa Coastal, atakujibu hata umwamshe usingizini. Mzee wa African Sports, watani wao wa Tanga, naye atakujibu, ila kwanza atakueleza kwa nini ule ubingwa usikuzwe sana. Yote andika.

Usiishie kwa wanaume waliokaa barazani. Kwenye netiboli picha haziko ukutani, ziko ndani ya sanduku pamoja na kanga, na mwenyewe hatakuonyesha mpaka shangazi yako akutangulie. Mwaka wetu wa pili tulimsahau kabisa mama aliyewafundisha wasichana wa kijiji hiki netiboli tangu wengine hatujazaliwa. Alikuja, akakaa nyuma, akapiga makofi mpaka mwisho. Hakuna aliyetulaumu, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Kwa vijana kazi ni nyepesi. Mwalimu mkuu ana orodha ya waliofika ngazi ya wilaya au mkoa kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, na katibu wa ligi ya kata ana matokeo. Piga picha daftari lake mapema, kabla halijafungiwa vitumbua.

4. Hakiki kila kitu mara mbili.
Kanuni yetu: jambo lolote la kusomwa kwenye spika liwe na mashahidi wawili wasiokaa nyumba moja. "Alifunga mabao arobaini msimu mmoja" kama ina shahidi mmoja, na shahidi mwenyewe ni mfungaji, tunasoma "alikuwa mfungaji tegemeo wa timu". Hakuna anayepungukiwa kitu.

Hakikisha hasa:
- Jina kamili, limeandikwa kama mwenyewe anavyoliandika. Muulize, usikisie. Na jina la utani uliza kama anapenda lisomwe hadharani, maana wengine walilichukia tangu siku walipopewa.
- Namba aliyocheza. Unajua kwa nini.
- Kama yu hai. Usicheke, imeshatokea kijiji cha jirani: "marehemu" alikuwa Dar es Salaam kwa mwanawe, akapigiwa simu apewe pole ya kifo chake.
- Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, ruhusa ya mzazi au mlezi kwa maandishi, kwanza ya kutuzwa, pili ya kupigwa picha. Namba za simu na anwani za nyumbani zisisambazwe kwenye magrupu. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, binti wa miaka kumi na tano hahitaji simu za watu asiowajua.

5. Chagueni, kisha bandikeni.
Mjumbe ambaye ndugu yake anajadiliwa atoke nje. Atoke kweli, si kugeuza kiti. Pigeni kura kwa karatasi, katibu aandike muhtasari, wote watano wasaini. Kisha orodha ibandikwe ofisi ya kijiji kwa siku saba, juu yake maneno haya: "Mwenye masahihisho aonane na katibu." Watu wakija, sikilizeni. Katika siku hizo saba mtapata makosa ambayo miezi miwili ya kuzunguka haikuyaonyesha, na mwenye kinyongo atakuwa amekitoa kwenye ofisi ya kijiji badala ya kukitoa uwanjani mbele ya mgeni rasmi.

6. Andika wasifu wa dakika moja kwa kila mtu.
Hii ndiyo tuzo yenyewe, mengine ni vifungashio. Maneno mia moja yanatosha. Futa "mahiri", "mahodari" na "asiyechoka", weka kitu kilichotokea. Ukisema Filbert Bayi, mwanariadha wetu wa Tanzania, alikuwa na mbio sana, hujasema kitu. Sema tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, na aliongoza tangu mwanzo bila kumpisha mtu. Hapo hata asiyejua riadha ananyanyua kichwa. Wa kijijini naye ana kitu cha namna hiyo, ni wewe kukitafuta.

Mfano wetu, majina nimeyatoa:

*"Fulani binti Fulani amefundisha netiboli hapa kijijini tangu mwaka wa El Nino. Miaka mitatu ya mwanzo timu haikuwa na mpira wake, walikuwa wakiazima shuleni na kuurudisha kabla ya magharibi. Goli la kwanza alilitengeneza yeye, mlingoti wa mwanzi na pete ya ndoo iliyotoboka. Wasichana wanne aliowafundisha wamechezea wilaya. Wawili kati yao ni makocha leo, na wapo hapa. Naomba wasimame."*

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Wanafunzi wakisimama, kocha ndiyo anaelewa kuwa anatuzwa.

Msomee mhusika wasifu wake siku mbili kabla. Mshangao ni wa sherehe za kuzaliwa. Hapa tunataka usahihi.

7. Sasa nunua tuzo.
Ngao ya mninga kutoka kwa seremala wa hapa hapa hudumu kuliko kombe la plastiki lililopakwa rangi ya dhahabu, na pesa inabaki kijijini. Maandishi mpe fundi yule anayeandika nyuma ya daladala, mkono wake hautetemeki. Mpelekee maneno yamechapwa, si kwa kusimuliana kwenye simu, na usome herufi kwa herufi kabla hajaanza na baada ya kumaliza.

Cheti kitiwe plastiki ngumu ile ya kubandikwa kwa moto. Karatasi tupu huku kwetu ni chakula cha mchwa. Kwa akina mama ongeza doti ya kanga, na jina la kanga lichaguliwe na mwanamke. Wanaume wa kamati yetu waliwahi kununua kanga kwa kuangalia rangi tu, kumbe maandishi yake ni kijembe cha mke mwenza.

8. Pesa.
Andika bajeti ukurasa mmoja, usizidi. Michango iingie kwenye namba moja ya simu, ikisomwa na watu wawili, na kila Jumamosi jumla iandikwe kwenye ubao wa matangazo. Waliotoa vitu waandikwe sawa na waliotoa pesa: mbuzi, mchele, maturubai, viti, saa mbili za jenereta. Mfadhili mkubwa anakaribishwa, ila maneno "zawadi ya fulani" yasichongwe kwenye ngao ya mtu. Mshukuruni kwenye spika, inatosha.

9. Siku yenyewe.
Anza baada ya swala ya alasiri, maliza kabla ya magharibi. Ratiba yetu:

- Saa 10:15 jioni: mechi ya maveterani, dakika kumi na tano kila kipindi. Refa aruhusiwe kuhurumia.
- Saa 10:50: dua, kisha utambulisho mfupi.
- Saa 11:00: tuzo. Dakika tatu kwa kila mmoja: wasifu, kupokea, picha, makofi.
- Saa 11:35: mgeni rasmi, dakika kumi.
- Saa 11:45: chai, pilau, muziki.

Angalia: tuzo zinatangulia hotuba. Ukigeuza, hotuba itakula saa nzima na mkongwe wako mwenye miaka themanini atapokea ngao gizani. Watuzwa wakae mbele, kwenye kivuli, pamoja na mtu mmoja wa familia. Mgeni rasmi akae pembeni yao, si wao pembeni yake. Msomaji wa wasifu awe mtu anayejua kusoma kwa utulivu. MC wa harusi ana kazi yake nyingine: kuchangamsha watu wakati wa pilau.

Ndugu watataka kutunza, kuvalisha kanga, kurusha noti. Waacheni, ndiyo raha yenyewe, ila mweka hazina asiguse. Hiyo ni mali ya mtuzwa.

10. Baada ya watu kuondoka.
Ndani ya wiki moja: mapato na matumizi yabandikwe, picha zifike kwa wahusika, majina yaongezwe kwenye ubao wa kudumu ofisi ya kijiji. Ubao uwe wa mbao ngumu au bati lililopakwa rangi ya mafuta. Plaiwudi masika moja tu inabanduka. Kaunta buku ikae ofisini, nakala ya picha zake ikae kwa watu wawili. Mwakani mtaanzia ukurasa uliofuata, si sifuri.

Mambo yakikwama

*Mgeni rasmi hajafika.* Subirini dakika kumi na tano, kisha tuzo zitolewe na mkongwe aliyetuzwa mwaka uliopita. Kusema kweli, hata mgeni akifika, mpango huu ni bora zaidi.

*Wazee wawili wanabishana mwaka.* Andika "mwishoni mwa miaka ya themanini", endelea na safari. Kamwe usiwakalishe pamoja ili wasuluhishwe.

*Mtu ameachwa na amekuja na hasira.* Usijitetee. Fungua daftari mbele yake, andika anayoyasema, mwombe mashahidi wawili. Akiwa nao, wa kwanza kujadiliwa mwakani ni yeye. Mama wa netiboli tuliyemsahau tulimwendea nyumbani kamati nzima, tukamwomba radhi, tukaanza naye msimu uliofuata.

*Mhusika hataki kutuzwa.* Muulize sababu faraghani. Mara nyingi ni kwamba aligombana na klabu, au hana nguo ya kutokea. La pili linatatulika kimya kimya. La kwanza, mwache apumzike.

*Mhusika ni marehemu.* Iulizeni familia kwanza, na iulizeni nani apokee, maana wajane wanaweza kuwa wawili. Dua itangulie, muziki uzimwe.

*Timu mbili zilipigana kwenye fainali.* Kila timu iwasilishwe na kocha na nahodha tu, na tuzo mbili zisifuatane. Mashabiki wakae pande tofauti, pilau ipakuliwe kwenye masufuria mawili.

*Mvua imeshuka.* Darasa la shule liwe limeombwa tangu mwanzo, kwa barua. Mechi ife, wasifu usomwe.

*Hakuna pesa kabisa.* Sisi mwaka wa tatu hatukuwa hata na hela ya ngao moja. Tuliandika wasifu kwa mkono, kila mtu karatasi yake, mhuri wa kijiji chini, tukasomea chini ya mwembe. Yule mzee wetu tulimwita tena, na safari hii ikasomwa: beki namba tano, timu ipi, miaka ipi, na washambuliaji gani walikuwa wakiomba siku hiyo aumwe. Karatasi ile kaitia plastiki kwa pesa yake mwenyewe, kaibandika sebuleni juu ya redio. Ngao bado iko bandani.